Mizigo Thelathini na Saba

Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza, ile nishani ya Kijerumani ya mwaka 1914 yenye pini nyuma, huwa na uzito wa gramu kumi na nane hivi. Ukizidi sana hapo, mtu anayeijua kazi huanza kushuku kuwa ni wa bandia. Jumatatu saa tatu asubuhi Valeria Komba aliuweka kwenye mizani ndogo ya mezani kwake, ikaonyesha kumi na nane na pointi mbili, akaandika. Saa sita mchana aliupima tena, kwa sababu hakuwa mtu wa kupima kitu mara moja. Mizani ikaonyesha arobaini na tatu.

Alibadilisha betri. Akapima sarafu ya pauni moja, akapata uzito wake sawasawa. Akaurudisha msalaba: arobaini na nne. Na kwenye sahani ya mizani, chini ya kile chuma kikavu, palikuwa na tone la maji yenye rangi ya udongo.

"Nani ameweka kikombe hapa?" aliuliza kwa ukali, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, katika nyumba moja ya mnada karibu na Holborn, na kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya nishani za vita kwa ajili ya katalogi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Songea. Historia aliisoma Dar es Salaam, Kijerumani na nyaraka za kale akavisomea Leipzig, na ni kwa ajili ya Kijerumani hicho London walimchukua. Aliogopa kukosea kama wengine wanavyoogopa mbwa. Utepe aliupima kwa rula, mhuri aliusoma kwa kioo cha kukuzia, na iliwahi kutokea akashuka kwenye basi njia ya nyumbani, akarudi ofisini, kuhakikisha tarehe moja tu.

Trei iliyokuwa mbele yake ilikuwa namba 212: nishani tano za ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Lothar Hasselkamp, pamoja na hati zake na daftari dogo lililoandikwa kwa penseli. Mjukuu wake ndiye aliyeleta vitu hivyo viuzwe. Hasselkamp alizaliwa Silesia mwaka 1879, akajiunga na jeshi la miguu akiwa na miaka kumi na tisa, akapata uluteni miaka miwili baadaye. Mwaka 1905 aliomba mwenyewe kupelekwa Afrika Mashariki kupigana na watu wa Maji Maji. Huko alipata Nishani ya Makoloni, utepe wake ukiwa na kibao kidogo cha chuma cha vita vya 1905/07, na ya Tai Mwekundu, daraja la nne, yenye panga. Vita vikuu vilimkuta kulekule, sasa kapteni mwenye kombania yake. Mwaka 1915, Msalaba wa Chuma daraja la pili. Baada ya vita, beji ya tembo ya wale waliotumikia makoloni. Na ule wa daraja la kwanza, kwa tendo la Machi 1917 kusini, hati yake ikatiwa saini Berlin mwaka 1920.

Babu zake Valeria walikuwa upande wa pili wa kile kibao cha 1905. Aliandika: kibao kipo, hali nzuri sana.

Desturi ya kazi ni kwamba sifa iliyo kwenye hati hunukuliwa neno kwa neno. Ilisema: "Kapteni alivusha kombania yake nzima katika mto uliofurika, adui akiwa nyuma, bila kupoteza mtu hata mmoja." Valeria aliitafsiri kwa Kiingereza, akaifungia ndani ya alama za kunukuu, akahakikisha alama ya mkato, akatuma ukurasa kwa mchapaji.

Jumanne asubuhi mzee Jaswant alikuja kuichukua trei kuipeleka stoo. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Queensbury, na humo ofisini ni yeye tu aliyezungumza naye Kiswahili.

"Binti, hii kitu umejaza mawe?"

"Haifiki hata gramu mia mbili, mzee."

"Gramu ya nani? Mimi hapa nimebeba miaka thelathini. Piano nimebeba. Hii si gramu." Aliiweka chini, akanusa mikono yake. "Unasikia harufu? Kama mto ukishamwaga matope. Na kamba. Kamba ya katani ikilowa."

Valeria aliisikia. Aliinama kuitazama trei kwa karibu, na alipoinuka hakuinuka mwenyewe. Kitu kilikuwa kimemkalia kwenye bega la kulia, kitu cha pembe nne, baridi, kinachochuruzika.

Alifika nyumbani Thamesmead ameshika ukuta. Alikuwa akiishi na shangazi yake Blandina, mhudumu katika nyumba ya wazee, mwanamke wa rozari na sauti kubwa. Valeria alipanda kwenye mizani ya bafuni. Siku zote alikuwa na kilo hamsini na tano. Ilisema themanini.

"Shangazi, mizani yako imeharibika."

"Imeharibika nini? Leo asubuhi imenitukana vilevile kama kila siku." Blandina alichungulia mlangoni, akaona namba, akaacha kucheka. "Shuka. Panda tena."

Themanini. Jumatano ikawa mia na tano. Alhamisi mia na thelathini. Kila siku ishirini na tano juu, wala si gramu zaidi, na Valeria, ambaye katika tasnifu yake alikuwa amesoma habari za misafara, alijua vizuri mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kilo ngapi. Hakutaka kulisema. Daktari alimpiga picha ya mgongo, hakuona kitu, akampa vidonge vya maumivu. Ijumaa, alipovua skafu, Blandina aliona alama imemzunguka shingo yote, nyekundu, iliyosokotwa.

"Nani kakufunga?" alinong'ona Blandina. "Niambie. Ni mwanaume? Nitamla nyama."

"Ni nishani, shangazi. Ni yule Mjerumani. Nimegusa vitu vyake na sasa amenipanda."

Jumamosi kilo zilikuwa mia na themanini, na hapo ndipo mizani ilipokomea. Jumapili haikuandika namba. Valeria alipanda ngazi kwa magoti, na ubavuni kitu kikamlia kama kijiti kikavu. Mnada ulikuwa Jumanne. Blandina alikaa kitandani kwake akimkanda mgongo, na kila alipokanda maji ya udongo yalimtoka kati ya vidole.

"Mwanangu, hii ikiongezeka mara mbili tena utakufa hapa sakafuni," alisema, na sauti yake kubwa haikuwepo. "Namwita Ibtisam. Mungu atanisamehe, na padre asijue."

Ibtisam alifanya naye kazi nyumba moja ya wazee. Alikuwa mtu wa Mombasa, na bibi yake alikuwa fundi wa kupunga mashetani aliyejulikana mji mzima. Alikuja saa nane mchana na mfuko mkubwa, akamtazama Valeria mara moja tu.

"Mzungu huyu," alisema. "Ofisa tena. Hawa nawajua, bibi yangu akiwapandisha kila mwaka. Hawataki damu, hawataki ubani. Wataka meza."

Wakaandaa meza. Kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, uma kushoto, kisu kulia, mkate uliokatwa, nyama ya kopo, bilauri ya divai, chupa ya marashi ya kolonya. Blandina alileta sahani zake za harusi. Ibtisam alivuta kiti cha mgeni, akainama kidogo, akasema kwa adabu zote:

"Karibu bwana mkubwa. Kula, unywe, kisha utwambie wewe ni nani na wataka nini kwa mtoto huyu."

Saa nane na robo mchana, Desemba, taa zilikuwa zimewashwa tayari, na dirishani bado palikuwa na mwanga wa kijivu. Kwanza ikaja ile harufu, matope na katani, halafu kitambaa cheupe kikaanza kubadilika rangi kutoka pembeni kuja katikati, polepole, kama kitu kinachokunywa, na mkate ukavimba kwenye sahani ukapasuka ukatoa maji, na bilauri ikajaa yenyewe ikamwagika, na chini ya meza, ambapo hapakuwa na mtu, ikasikika miguu mingi ikisogea karibu karibu, miguu isiyo na viatu, ikisimama pamoja kama ya watu ambao mmoja akisimama wote lazima wasimame, na Valeria akainua kichwa ambacho kwa siku mbili hakuweza kukiinua, akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa Kijerumani hata kidogo, kilikuwa Kingoni, sauti ya mwanamume, na juu yake sauti nyingine, na nyingine, zote kwa neno lilelile, mpaka uma na kisu vikatetemeka.

Blandina alipiga kelele akaangukia kabati. Alikuwa amekielewa. Kingoni kile ni cha bibi yake mzaa baba.

"Wasema nini?" Ibtisam alinong'ona. "Blandina! Wasema nini?"

"Wanasema, mmemwandalia yeye." Blandina alikuwa analia. "Tena. Tena mmemwandalia yeye, na sisi tumesimama."

"Subhanallah. Si Mzungu."

"Si Mzungu. Ni watu wetu."

Ibtisam hakungoja. Alishika ncha za kitambaa akavuta vyote, sahani za harusi na marashi na nyama, vikaenda chini vikavunjika, naye akapiga magoti juu ya vigae.

"Tumekosa, baba zetu. Hatukuwajua. Semeni mnalotaka."

Kinywa cha Valeria kilisema maneno machache, taratibu, na kila neno likimwinamisha zaidi. Kisha akaanguka kifudifudi.

Alipozinduka Blandina alikuwa amemlaza mapajani.

"Wamesema hivi. Kwa mkono wako umeandika kwamba hatukuwepo. Yeye alisomewa sifa mbele za watu. Na sisi tusomwe mbele za watu." Alimfuta uso. "Umeandika nini, Valeria?"

Valeria alijua kabla shangazi hajamaliza kuuliza, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko hofu, kwa sababu kwanza ilimpiga yeye mwenyewe. Mtu hata mmoja. Alikuwa amehakikisha mkato. Aliomba simu, akafungua picha za lile daftari la penseli. Machi 1917, siku ya mto. Alishalisoma mara tatu. Mizigo thelathini na saba imepotea, aliandika Kapteni Hasselkamp. Kamba yote imekwenda. Hasara kubwa, hasa kwinini na kiti changu.

"Nilidhani ni masanduku," alisema Valeria. "Shangazi, nilisoma mizigo nikaona masanduku. Kila mzigo ulikuwa na mtu chini yake. Aliwafunga shingo kwa kamba moja wasitoroke, akawaingiza majini hivyo hivyo. Akakililia kiti. Wakampa nishani!"

"Basi kifute hicho ulichoandika."

"Katalogi elfu mbili zimeshatumwa."

Jumatatu alifika kazini kwa teksi, Jaswant akamshusha kama gunia. Crispin, mkuu wa idara, ambaye ndiye angepanda jukwaani siku ya mnada, alisikiliza macho yakiwa kwenye saa, akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Valeria, umenukuu hati. Umenukuu sawasawa. Nukuu si kosa."

"Hati inasema uongo."

"Hilo ni suala la maoni."

"Ni suala la daftari lake mwenyewe, mwandiko wake, ukurasa wa arobaini na moja." Alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, maji yakimdondoka kwenye viwiko, na Crispin alisogeza karatasi zake bila kuuliza yanatoka wapi. "Kanuni za nyumba hii zinasema mwandishi wa maelezo akigundua kosa baada ya katalogi kuchapwa, anaandika sahihisho, anatia saini, na linasomwa jukwaani kabla ya kupokea bei. Nimeandika. Nimetia saini. Ukiuza bila kulisoma, mnunuzi ana haki ya kurudisha, na nitamwandikia mimi mwenyewe kumwambia."

Crispin alisoma kile kikaratasi. "Mjukuu wake atakuwepo ukumbini."

"Afadhali."

"Unajua kwamba hutapendwa hapa baada ya hili."

"Sasa hivi napendwa?"

Crispin alikikunja kikaratasi mara mbili, akakitia mfukoni. Alisema atasoma.

Jumanne ukumbi wa juu ulijaa. Watu wa makoti mazuri, wengine wakiwa kwenye simu, taa nyeupe, maua. Valeria aliketi kiti cha ukutani, kidevu kikigusa kifua. Hakuhesabu tena kilo. Ubavu wa pili ulikuwa umevunjika asubuhi, na pumzi ilimwingia nusu nusu. Jaswant alileta trei kwa kigari, magurudumu yakichora mistari kwenye zulia, akaja kusimama karibu naye.

"Kigari kimepinda ekseli," alinong'ona. "Binti, mimi naogopa."

"Hata mimi, mzee."

"Namba mia mbili na kumi na mbili," alisema Crispin. "Nishani tano za kapteni wa jeshi la miguu, mtu wa vita viwili. Seti nzuri sana." Alitoa kikaratasi, akakitazama, akatabasamu kuelekea safu ya mbele alipokaa mjukuu. "Kuna nyongeza ndogo. Inaaminika baadhi ya wabeba mizigo wenyeji huenda walipotea katika kuvuka huko. Tunaanza na—"

Valeria akapumua. Pumzi nzima, mpaka chini. Mabega yake yalikuwa matupu. Mara ya kwanza baada ya siku nane aliweza kunyoosha shingo, na aliponyoosha alimwona Crispin ameshika kingo za jukwaa kwa mikono miwili, uso umemwiva, kola imemkaba kama kwamba kuna mtu nyuma anaivuta, na mikononi mwa koti lake la bei kali maji ya udongo yanatoka yakimwagika juu ya katalogi. Goti moja likamkatika. Mtu akasema mleteeni maji. Macho ya Crispin yalizunguka ukumbi mpaka yakamkuta Valeria, na Valeria akayatazama, akakaa.

Angeweza kubaki amekaa. Alihisi wepesi wake wote, mbavu, vidole, na alihisi pia jinsi ambavyo angependa abebe, abebe mpaka avunjike, huyu mtu wa baadhi na wa huenda. Lakini wale hawakuvuka bahari kutafuta mbebaji mwingine.

Alisimama.

"Soma kama ilivyoandikwa."

Watu waligeuka. Crispin alitikisa kichwa, akionyesha kola iliyomkaba.

"Una karatasi mkononi. Namba yao imo. Soma!"

Na Crispin, akiwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa, kidevu juu ya ubao, kikaratasi kikiwa kimelowa, akasoma, neno moja kwa pumzi moja: "Sahihisho. Palipoandikwa bila kupoteza mtu hata mmoja, pasomeke: watu thelathini na saba walizama. Walikuwa Waafrika waliokamatwa kubeba mizigo. Walikuwa wamefungwa shingo kwa kamba moja kwa amri ya kapteni. Alijua idadi yao. Aliiandika."

Mjukuu alikuwa ametazama mikono yake.

Halafu zulia, mbele ya jukwaa, likapata alama ya unyayo. Mguu mtupu, wa mtu mzima, uliolowa. Mbele yake ukatokea mwingine. Zikaja kwa safu moja, katikati ya viti, bila haraka, mguu nyuma ya mguu kwa nafasi sawasawa, zikielekea mlangoni, na watu walivuta makoti na mikoba yao kupisha bila kuambiwa. Valeria alihesabu. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Kumi na tisa, ishirini, mmoja mwenye mguu uliokosa vidole, mmoja mdogo kuliko wote. Thelathini na sita. Thelathini na saba.

Na nyuma ya wa thelathini na saba zikaja buti.

Buti za misumari, mbili, lakini hazikuwa zinatembea. Visigino vilikuwa vimetangulia, vinalima zulia mifereji miwili mirefu, vikipiga teke, vikijikita, na vikivutwa tena, kwa sababu mwisho wa kamba sasa ulikuwa na mtu mwingine, na watu thelathini na saba walikuwa wanavuta. Pamoja nazo ilipita sauti. Waliokaa pembeni walisema baadaye waliisikia, ya mzee, inayoharakisha, karibu na sakafu.

Crispin alikuwa ameinuka nusu, anahema. Jaswant alimshika Valeria mkono.

"Hiyo ni Kijerumani," alinong'ona. "Anasema nini?"

Valeria alielewa kila neno. Mtu yule alianza na cheo chake. Akataja nishani zake, moja moja, kwa madaraja na miaka, bila kukosea hata moja. Alipofika mlangoni zilikuwa zimemwishia, akaanza kuomba.

"Binti. Anasema nini huyu?"

"Sitafsiri," alisema Valeria, akashuka ngazi mbio kwenda kuwafungulia mlango wa barabarani.